Benchi la Baba

Baba alihesabu sahani mezani, akaona ziko nne, akamwambia shangazi Earline aondoe moja.

Shangazi alikuwa bado na kofia yake ya kanisani kichwani, ile ya zambarau yenye manyoya ubavuni, ambayo haivui mpaka kuku wa mwisho atoke kwenye mafuta. Akamkumbusha kaka yake kwamba Lenora ana mgeni. Baba akajibu kwamba Lenora hana mgeni, Lenora ana mwizi, na mwizi hapewi kuku wa Jumapili nyumbani kwa Roscoe Gaddis. Kisha akageukia dirisha, mkono wake wa kushoto ameulaza pajani chini ya gazeti, kama alivyokuwa akiuficha tangu Februari.

Lenora ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na bakuli la sukuma. Mwizi anayesemwa ni Marcellus Pruitt, mpiga piano, mwanamume ambaye pete yake nilikuwa nimeivaa kwenye mkufu ndani ya gauni, kifuani, kwa sababu kidoleni sikuthubutu.

Na siku hiyo ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Tulikuwa tumekubaliana, mimi na Marcellus, kwamba kabla jua halijatua pete itatoka kifuani. Ama inakaa kidoleni, ama inarudi kwake na kila mmoja ashike njia yake. Hakunilazimisha, jamani, msimwonee. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nimechoka kujificha kama msichana wa shule, mtu mzima mimi, na nilikuwa nimechoka zaidi kumwona yeye akinisubiri kwa ule upole wake. Lakini kuolewa huku baba amenipa mgongo nisingeweza. Mama alishatutoka. Nilibaki na baba mmoja tu, naye alibaki na mimi.

Shangazi aliichukua ile sahani, akanipita mlangoni. Jikoni nikamwona akiweka juu yake paja la kuku, kisha la pili, akachota makaroni na jibini, akakata na kipande cha mkate wa mahindi, akafunika yote kwa sahani nyingine na kuitia kwenye oveni. Aliponiona namtazama akaniambia nijishughulishe na sukuma zangu.

Kwetu posa ina sharti lake, na sharti lenyewe ni benchi la piano.

Zamani hapa Harlem, wapigaji wa straidi walipokuwa wakichezesha watu majumbani, hawakuruhusu muziki usimame. Straidi ni mkono wa kushoto. Mkono huo unagonga sauti nzito kule chini, unaruka hadi katikati kushika sauti tatu nne kwa mpigo, unarudi chini, unaruka tena, na watu wanacheza juu ya hiyo miruko. Mpigaji akichoka, mwenzake anakaa ubavuni kwake kwenye benchi moja. Mmoja anatoa mkono, mwingine anaingiza, na anayecheza dansi hata hajui kwamba aliyepo kwenye piano si yule wa mwanzo. Kumpisha mtu namna hiyo ni heshima. Usiyempenda humpishi, unacheza mpaka vidole vife ganzi.

Babu yangu mzaa mama alimpokea baba kwa mtindo huo, kwenye sebule hii hii. Baba alikuja kumposa mama yangu, Lucinda, akakuta mzee yuko kwenye piano, na mzee hakumjibu salamu wala posa. Alicheza tu. Baba akakaa karibu naye na kungoja. Alipopishwa, akaingia, na mkono wa kushoto haukusimama. Ndivyo mama alivyoolewa. Nami tangu nikiwa mdogo niliambiwa kwamba atakayenitaka atamtoa baba kwenye benchi hilo bila mkono wa kushoto kusimama, na akishindwa akaoe kwingine.

Halafu Februari baba akapata kiharusi. Miguu ilirudi, ulimi ulirudi, mkono wa kushoto ukakataa. Hakutaka mtu ajue. Waliomwita kupiga aliwaambia amestaafu, amechoka na vijana wasiosikiliza. Benchi likawa la kuwekea magazeti. Na mimi nikabaki na sharti ambalo hakuna mwanamume chini ya jua angeweza kulitimiza, maana aliyepaswa kupisha alikuwa hakai tena.

Kengele ya mlango ikalia.

Marcellus aliingia na maua ya shangazi, amevaa ile suti yake ya kijivu ambayo mikono yake imekuwa mifupi kidogo. Ana mikono mirefu, Marcellus, na vidole ambavyo hata akishika kikombe unaviangalia. Alinitazama mara moja tu, kwa haraka, kama mtu anayegusa chuma kuona kama bado kina moto. Nilitaka kumwendea. Sikumwendea. Nikamwambia karibu, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha fundi wa bomba.

Akampa baba shikamoo. Baba akaendelea kutazama barabarani.

"Roscoe, umesalimiwa," shangazi akasema kutoka jikoni.

"Nimesikia. Masikio yangu hayajastaafu." Baba akageuka. "Nimeyasikia mengi mwaka huu kwa masikio haya. Hata kwa kinyozi nimesikia."

Nikajua tumefika. Wiki tatu zilikuwa zimepita baba akiwa na jambo hilo kooni.

Miaka mingi nyuma baba alitunga wimbo wa mama, akauita "Ngazi za Lucinda", kwa ajili ya zile ngazi za mawe hapo nje alipomwona kwa mara ya kwanza, ameketi anakula peasi. Ni straidi tupu, ya mbio, mkono wa kushoto haupumui. Marcellus aliurekodi upya. Alianza kama baba anavyoupiga, kisha katikati akauondoa mkono wa kushoto. Ukabaki wa kulia peke yake, taratibu, na mahali pa kila mruko pakabaki kimya. Ndipo ngoma laini ikaingia kwa mbali, kama hizi za vijana wa siku hizi, lakini chini chini. Redio ikaupenda. Baba aliusikia akiwa amefunikwa shuka kwenye kiti cha kinyozi, katikati ya wazee wenzake, na mmoja wao akauliza kwa nia njema kabisa, Roscoe, mkono wako wa kushoto umeenda wapi? Baba alirudi nyumbani nywele zimekatwa upande mmoja.

"Nani alikwambia habari ya mkono wangu?" baba akamuuliza Marcellus.

Marcellus alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyekuwa amempa kiti.

"Hakuna aliyeniambia, mzee. Nilisikia mwenyewe."

"Kwa nani?"

"Kwako."

Hata mimi niligeuka. Marcellus akaeleza, macho yake kwenye zulia. Aprili alikuja kunichukua, akawahi, mimi bado sijatoka kazini. Dirisha lilikuwa wazi. Akamsikia baba ndani akipiga "Ngazi za Lucinda" kwa mkono mmoja.

"Ulikuwa unausubiri," akasema. "Kila mahali ambapo mkono wa kushoto ulitakiwa kuruka, wa kulia ulinyamaza, ukaupa nafasi yake, ukausubiri. Haukuja. Ukaendelea. Nimesikia piano tangu nikiwa tumboni, mzee Gaddis, na sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilikaa kwenye ngazi zako nikalia. Kisha nikaondoka, kwa sababu niliona aibu kugonga."

Nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui. Miezi yote ile nilidhani baba hagusi piano, nilikuwa napangusa vumbi kwenye mfuniko na kusikitika, kumbe nikitoka tu kwenda saluni kwangu, yeye anaondoa magazeti kwenye benchi anakaa. Nilimwonea baba huruma, na papo hapo nikamkasirikia Marcellus. Alilijua jambo hilo akalala nalo, akaenda nalo studio, na mimi ninayekula meza moja na baba hakuniambia.

"Kwa hiyo ukaenda ukakitangaza," baba akasema.

"Nilidhani nakuheshimu."

"Ulinivua nguo, kijana. Mbele ya watu niliokua nao."

Alisema polepole, na ndiyo maana iliuma. Shangazi alikuwa amefika mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Marcellus alifungua mdomo. Nilimwomba Mungu asijitetee. Wapiga piano wana midomo, wangeweza kubishana sanaa mpaka Jumatatu.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Kitu kile kilikuwa chako na sikukuuliza. Nilipaswa kugonga mlango siku ile. Sina utetezi, mzee. Nisamehe."

Baba hakutegemea hilo. Nilimwona akitafuta pa kupeleka hasira yake, nayo ikaenda kwenye muziki. Akasema vijana wa leo wanauona muziki wa wazee kama koti la marehemu, wanaukata mikono na kuuita mtindo mpya. Akasema mkono wa kushoto ndio sakafu, na huwezi kung'oa sakafu ya mtu ukamwambia umempanulia nyumba.

"Mbona baba yetu alikuita mharibifu?" shangazi akauliza, akijifuta mikono. "Ulipoingiza zile kelele zako za kanisani kwenye straidi, hakukaa juma zima bila kusema nawe?"

"Earline, kuku wako anaungua."

"Kuku yuko mezani anapoa, anakusubiri wewe."

Marcellus karibu acheke, akajizuia, na mimi nikaona jinsi mdomo wake ulivyotetemeka, nikampenda tena pale pale na hasira zangu zote. Baba naye aliona. Akamwonyesha piano kwa kidevu.

"Cheza. Huo wako. Cheza mbele yangu, nione kama unathubutu."

Marcellus akaondoa magazeti kwenye benchi moja moja, akayapanga vizuri sakafuni, akakaa. Alipoanza, mkono wake wa kushoto uliruka kama wa baba wa zamani, mpaka vikombe kabatini vikajibu. Shangazi akaanza kutikisa bega bila kutaka. Kisha akafika katikati. Mkono wa kushoto ukaanguka pajani, wa kulia ukabaki peke yake, na sebule yetu ikawa kimya kwa namna ambayo ilikuwa haijawa tangu msiba wa mama.

Baba hakustahimili. Alisimama, gazeti likaanguka, ule mkono ukaning'inia mbele ya kila mtu.

"Toka hapo. Toka. Wa kulia hausubiri hivyo. Unasukuma, hausubiri."

Marcellus akanyanyuka na kusimama kando. Baba akakaa kwenye benchi lake, kwa mara ya kwanza mbele ya macho yetu tangu augue, na akaanza kwa mkono wa kulia, kwa hasira, akitaka kumwonyesha kijana jinsi ya kusukuma. Vidole vilikuwa bado ni vile vile. Akasukuma, akasukuma, akafika mahali pa mruko, na kwa mazoea ya maisha yote mkono wa kushoto ukataka kwenda. Uliinuka kidogo. Ukaanguka juu ya vibonyezo vyote kwa mpigo, piano ikapiga ukelele mbaya, na baba akaacha kupiga. Alibaki ameinama, anautazama.

Marcellus alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Alipiga hatua, nilimwona. Angeweza kukaa pale ubavuni, kuingiza mkono wake wa kushoto, kumaliza kila kitu kwa sekunde moja na kujipatia mke. Lakini alisimama. Akainua macho akanitazama mimi, kisha akatazama mikono yangu.

Nikaelewa.

Nilipokuwa na miaka tisa baba alikalisha mkono wangu juu ya piano, akavitandaza vidole vyangu kutoka sauti ya chini hadi ile ya kumi juu yake, kama straidi inavyotaka. Havikufika. Akaubusu mkono wangu, akacheka kwa upendo, akasema, "Mikono ya mama yako hii. Mizuri, lakini haifiki. Wewe utaimba." Sikuimba. Na sikugusa piano mbele yake tena. Sikuwahi kumwambia kwamba jambo lile liliniuma, kwa kuwa alilisema kwa upendo.

Marcellus ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Tulikuwa kwake, mvua inanyesha, akachukua mkono wangu na wala hakuupima. Alinionyesha kwamba sauti ya chini na ile ya kumi si lazima uzikamate kwa mpigo mmoja. Unaigusa ya chini, unaiacha, unapanda haraka kidole kwa kidole mpaka juu, na mguu kwenye pedali unakusaidia kuzishika pamoja. Akasema kulikuwa na wazee wenye mikono midogo waliopiga hivyo na hakuna aliyewacheka. Misimu miwili mizima ya baridi tulifanya hivyo, mkono wa kushoto tu, wimbo mmoja tu. Mtu akiniuliza nilianza kumpenda lini, ni pale.

Niliweka chini bakuli nililokuwa bado nimelishika. Nikakaa kwenye benchi, kushoto kwa baba, bega langu likagusa lake. Nikaunyanyua mkono wake kutoka kwenye vibonyezo, nikaulaza juu ya paja langu, nikaanza.

Nilianza vibaya. Niligonga ya chini nikapanda, mruko wa pili nikakosa, wa tatu nikapata. Baba hakunitazama.

"Haifiki," akasema kwa sauti ya chini.

"Haihitaji kufika kwa mara moja, baba. Inapanda."

Alisikiliza. Nilizunguka sehemu ile ile mara kadhaa peke yangu, jasho linanitoka mgongoni, na sikuthubutu kumtazama yeyote. Kisha mkono wa kulia wa baba ukainuka ukaingia. Haukusukuma. Ulikuja taratibu, kama Marcellus alivyousikia kupitia dirishani, na ulipofika mahali pa mruko ulinyamaza, ukasubiri. Nami nikafika. Akaenda tena, akasubiri tena, nikafika tena. Nilisikia pumzi ya baba ikikatika katika, na ule mkono wake uliolala pajani kwangu ulikuwa na joto.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Unamjua."

Tulipiga wimbo wote, tukarudi mwanzo, na safari ya pili aliufanya polepole zaidi, akiacha nafasi ambazo maishani mwake hakuwahi kuziacha kwenye wimbo ule. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anafikiri. Nilihisi benchi likitikisika. Baba alikuwa anasogea, kidogo kidogo, kuelekea ukingo wa kulia, huku vidole vyake vikiendelea.

"Pruitt," akaita.

Hakuwa amewahi kulitaja jina lake. Marcellus alikuja akasimama nyuma yetu, na nilisikia harufu ya ile sabuni yake, nikajisemea Lenora, ukikosea sasa hivi utajilaumu mpaka kaburini. Nikatazama mkono wangu wa kushoto tu. Chini, panda. Chini, panda.

"Ukiingia, ingia juu ya mkono wangu," baba akasema. "Usiparamie. Na nisikilize vizuri, sirudii. Kitu cha ndani ya nyumba hii, kabla hujakitoa nje unaniuliza."

"Nitakuuliza, mzee."

"Vizuri. Haya."

Baba akainuka. Marcellus akateleza mahali pake, mkono wake mrefu ukaingia juu ya mkono wa baba, na kwa mpigo mmoja au miwili mikono yao ilikuwa inacheza pamoja, mmoja wa mzee na mmoja wa kijana. Kisha wa mzee ukatoka. Mkono wa kushoto haukusimama. Wa kushoto ulikuwa wangu mimi, na mimi ndiye niliyemwingiza mume wangu nyumbani kwetu.

Marcellus alilegeza bega lake juu ya langu, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mlangoni. Nilimnong'oneza kwamba bado nina hasira naye, ya kulijua jambo la baba akaninyamazia. Akasema anajua, na kwamba anastahili. Nikamwambia ahesabu mapigo yake asije akaniharibia, na kwamba wimbo ukiisha pete inahamia kidoleni.

Nyuma yetu nikasikia shangazi Earline akivua kofia aliyokuwa ameisahau kichwani. Akaiweka juu ya kabati, akapenga kamasi kwa kitambaa cha vyombo.

"Earline," baba akasema, "rudisha ile sahani."

Shangazi akaenda kwenye oveni, akaitoa, imefunikwa, moto. Akaifunua mezani. Baba akayatazama yale mapaja mawili ya kuku, akamtazama dada yake.

"Ulimpakulia kabla."

"Hukuniambia niimwage, Roscoe. Uliniambia niiondoe."

Baba akavuta kiti cha upande wake wa kulia, alipokuwa akikaa mama, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukikalia tangu tumzike, na akaiweka sahani mbele ya kiti hicho. Kisha akaketi, akaupandisha mkono wake wa kushoto juu ya meza mahali kila mtu anapouona, akatusikiliza. Mkono wangu ulikuwa umeanza kuuma, lakini niliuacha uendelee.